PSA imepanda: vipimo vya damu vya kufanya kabla ya kukubali biopsi

Majibu ya PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, yakitoka juu, hofu humfanya mtu atake kujua leo leo kama ana saratani ya tezi dume au hana. Damu haiwezi kumjibu hivyo. Inachoweza ni kupima uwezekano: huyu hatari yake ni ndogo, anaweza kusubiri, huyu apigwe MRI (picha ya ndani ya mwili) kwanza, huyu asicheleweshe biopsi (kuchukua vipande vidogo vya tezi vikapimwe) hata kidogo. Kazi hiyo inafanyika vizuri ikiwa damu imechukuliwa wakati unaofaa, imetunzwa inavyotakiwa, na majibu yamesomwa pamoja na ukubwa wa tezi na historia ya mwenyewe. Haya yakipuuzwa, namba inayotoka haina maana hata mashine iwe mpya kiasi gani.

Mwongozo huu unamhusu mwanaume ambaye PSA yake iko kati ya 3 na 10 hivi, pamoja na ndugu wanaomsindikiza hospitali. Mwenye PSA ya makumi, maumivu ya mifupa, au miguu iliyoanza kupoteza nguvu hana haja na hesabu zilizomo humu. Huyo apelekwe kwa daktari mara moja, na ikiwa miguu imelegea au mkojo umeziba, siku hiyo hiyo.

PSA inasema nini, na haisemi nini

PSA ni protini inayotengenezwa na seli za tezi dume ili kuyeyusha shahawa baada ya kutoka. Kwa kawaida inabaki ndani ya vijirija vya tezi, na kinachovujia kwenye damu ni kidogo sana, hupimwa kwa nanogramu katika mililita moja. Chochote kinachovuruga kuta za vijirija hivyo huongeza uvujaji. Saratani ni mojawapo. Tezi iliyopanuka kwa umri ni nyingine, na vilevile maambukizi, mkojo uliozuiwa, au mpira wa mkojo uliopitishwa juzi. Kwa hiyo kipimo hiki kinatoa taarifa za tezi nzima. Saratani ni sehemu tu ya taarifa hizo.

Upande wa pili nao usisahaulike. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 uliwafanyia biopsi wanaume ambao PSA yao haikuzidi 4, ukakuta saratani kwa takriban 15 katika kila 100. Nyingi zilikuwa za daraja la chini. Za daraja la juu zilikuwa kama 2 katika 100. Mstari wa 4 unaochapwa kwenye karatasi za maabara, basi, ni wa makubaliano tu. Chini yake hakuna usalama kamili, na juu yake hakuna hukumu. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, kwa wanaume wenye dalili, umeachana na mstari mmoja na kupanga kwa umri: zaidi ya 2.5 kwa miaka 40 hadi 49, zaidi ya 3.5 kwa miaka 50 hadi 59, zaidi ya 4.5 kwa miaka 60 hadi 69, na zaidi ya 6.5 kwa miaka 70 hadi 79.

Lipo pia swali la saratani ipi inatafutwa. Saratani nyingi za daraja la chini hazimuui mwenyewe. Uchunguzi wa Uingereza uliofuatilia wanaume kwa wastani wa miaka 15 baada ya kugunduliwa saratani iliyokuwa bado ndani ya tezi ulikuta kwamba waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa kama 3 katika 100, wawe walipasuliwa, walipigwa mionzi au waliangaliwa tu kwa karibu. Ndiyo maana vipimo vipya vya damu vinalenga saratani kali, ile ya Gleason (alama ya ukali wa saratani inayotolewa kwenye biopsi) 7 kwenda juu. Kipimo kinachogundua kila chembe isiyo na madhara kinaweza kumletea mtu matibabu yenye madhara bila faida.

Hatua ya kwanza: rudia PSA, lakini kwa maandalizi

Usikubali biopsi kwa PSA moja iliyo juu kidogo. PSA ya mtu yule yule hupanda na kushuka kwa asilimia 15 au zaidi bila ugonjwa wowote; aliyesoma 4.6 mwezi huu anaweza kusoma 3.9 ujao. Miongozo ya madaktari wa mfumo wa mkojo inataka kipimo kirudiwe kabla ya kwenda kwenye vipimo vya ziada, MRI au biopsi. Wiki 6 hadi 8 baada ya kipimo cha kwanza ni muda mzuri kwa asiye na dalili za hatari. Kabla ya kurudia, hakikisha yafuatayo:

- Saa 48 bila kumwaga shahawa, kwa njia yoyote ile.
- Saa 48 bila kuendesha baiskeli au mazoezi mazito. Kiti cha baiskeli hukandamiza eneo la tezi moja kwa moja.
- Wiki 6 tangu UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) ipone, tangu mpira wa mkojo utolewe, au tangu kuingizwa kamera kwenye kibofu. Biopsi iliyofanywa awali nayo ihesabiwe hivyo hivyo.
- Ikiwa daktari atapima tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, damu itangulie na kidole kifuate. Kwa PSA ya kawaida kidole hakibadilishi sana, lakini kinasukuma PSA huru (ile isiyoshikana na protini nyingine) kwenye damu, na PSA huru ndiyo msingi wa vipimo vinavyofuata. Kwa 4Kscore, kimojawapo cha vipimo vya ziada vilivyoelezwa chini, kidole kisipite ndani ya saa 96 kabla ya damu kuchukuliwa.
- Pima mkojo siku hiyo hiyo. Kipimo cha mkojo kinachukua dakika chache, na kikionyesha maambukizi, PSA ya siku hiyo haina kazi.

Kufunga kula hakuhitajiki.

Kosa moja linalojirudia: mtu hana homa, hana maumivu, mkojo wake ni safi, lakini anapewa antibayotiki za wiki kadhaa "ili PSA ishuke". Ikishuka, huenda ingeshuka yenyewe. Isitoshe, saratani haizuii PSA kushuka kidogo, kwa hiyo mtu anaondoka na faraja isiyo na msingi na bakteria waliozoea dawa. Antibayotiki ni za maambukizi yaliyothibitishwa.

Dawa zinazoidanganya mashine

Finasteridi na dutasteridi, vidonge vya kupunguza tezi, hushusha PSA kwa karibu nusu baada ya miezi 6 hadi 12. Mwenye kuvitumia kwa muda huo na PSA yake inasoma 3 achukuliwe kama mwenye 6. Watu hawaviandiki kwenye fomu kwa sababu mbili: wameviona kama dawa ya mkojo tu, au wanatumia finasteridi ya miligramu 1 kwa ajili ya nywele na hawaoni inahusianaje. Inahusiana, nayo hushusha. Zaidi ya hapo, PSA ya mtumiaji wa vidonge hivi ikianza kupanda, hata kama bado iko chini ya 4, hiyo ni alama ya kuchunguzwa. Kanuni za 4Kscore na nyinginezo hazikutengenezwa kwa watu wanaovitumia, kwa hiyo mwambie daktari kabla hujalipia.

Bayotini ya dozi kubwa, ile ya vidonge vya nywele na kucha, inaweza kuvuruga baadhi ya mashine za maabara na kushusha PSA kwa uongo. Acha siku 3 kabla na uwaambie maabara. Unene mkubwa nao hushusha namba kwa sababu damu ni nyingi na PSA imechanganyikia humo.

Chupa ya damu ina saa yake

Hapa ndipo vipimo vingi vizuri vinapoharibika, na mgonjwa haoni chochote. PSA kwenye damu iko katika hali mbili: iliyoshikana na protini nyingine, na iliyo huru. Ile iliyoshikana huvumilia. Ile huru huoza upesi ikiachwa kwenye joto la chumba. Tuseme damu yako ilitoka saa 2 asubuhi, chupa ikakaa mezani hadi saa 9 alasiri ikisubiri gari la kuipeleka maabara kuu. PSA ya jumla itasoma karibu na ukweli, lakini PSA huru itakuwa imepungua, asilimia itashuka, na wewe utaonekana una hatari kubwa kuliko uliyonayo.

Utaratibu sahihi: damu iachwe igande, izungushwe kwenye sentrifuji na seramu (maji ya damu) itenganishwe ndani ya saa 3. Baada ya hapo seramu ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na ipimwe ndani ya saa 24. Ikishindikana, igandishwe kabisa. Kwa p2PSA, kipimo kinachotumika kwenye hesabu ya PHI iliyoelezwa chini, saa hizo 3 hazina mjadala.

Uliza maswali mawili kabla ya kunyoosha mkono: "Damu hii inazungushwa hapa hapa au inasafirishwa ikiwa nzima?" na "PSA ya jumla na PSA huru zinapimwa kwenye mashine moja, kutoka chupa moja?" Kugawanya PSA huru ya maabara moja kwa PSA ya jumla ya maabara nyingine ni hesabu batili. Mashine za PSA husawazishwa kwa viwango viwili tofauti, na sampuli ile ile inaweza kupishana kwa asilimia 20 hivi. Kwa sababu hiyo hiyo, anayefuatilia PSA miaka kwa miaka abaki kwenye maabara moja. Kupanda kutoka 4.0 hadi 4.9 baada ya kubadilisha maabara huenda hakumaanishi kitu.

Asilimia ya PSA huru

Hiki ndicho kipimo cha ziada kinachopatikana kwa urahisi zaidi. Gawanya PSA huru kwa PSA ya jumla, zidisha kwa 100. Saratani huachia zaidi PSA inayoshikana na protini za damu, kwa hiyo asilimia ikiwa ndogo, hatari ni kubwa. Takwimu zinazotumika sana zilichapishwa mwaka 1998, kwa wanaume wenye PSA ya 4 hadi 10 na tezi isiyo na uvimbe wa kutia shaka kwa kidole. Waliokuwa na PSA huru isiyozidi asilimia 10, saratani ilikutwa kwa 56 katika 100. Kati ya 10 na 15, ni 28. Kati ya 15 na 20, ni 20. Kati ya 20 na 25, ni 16. Juu ya 25, ni 8.

Ona kwamba hata kundi la chini kabisa si sifuri. Ona pia kwamba katikati, kati ya 15 na 25, kipimo hakisemi mengi. Mtu akipata 18 bado yuko gizani na anahitaji kingine. Na vipo vizuizi. PSA ikipita 10, asilimia hii haiongezi chochote, kwani hatari tayari ni kubwa. Tezi kubwa sana hutoa PSA huru nyingi na kuficha saratani ndogo iliyomo. Mwenye figo zilizofeli hukusanya PSA huru kwenye damu, asilimia yake hupanda bila sababu ya tezi, kwa hiyo kwake kipimo hiki kisitegemewe.

PHI

PHI huongeza kipimo cha tatu, p2PSA, aina ya PSA huru ambayo huongezeka zaidi kwenye saratani. Marekani iliidhinisha mwaka 2012 kwa wanaume wa miaka 50 na zaidi, PSA kati ya 4 na 10, kidole kikiwa hakijakuta kitu. Hesabu yake: p2PSA gawanya kwa PSA huru, kisha zidisha kwa kipeuo cha pili cha PSA ya jumla. Maabara hutoa jibu tayari, lakini ukitaka kuhakikisha mwenyewe, angalia vipimio: p2PSA huandikwa kwa pikogramu na nyingine mbili kwa nanogramu, na kanuni inazitaka hivyo hivyo. Ukizibadilisha zote ziwe sawa utapata namba ndogo mara 1000.

PHI chini ya 27, uwezekano wa kukuta saratani kwenye biopsi ni kama 10 katika 100. Ikifika 55 na kuendelea, ni kama nusu.

Chukua wanaume wawili, wote PSA 6.2. Wa kwanza ana PSA huru 1.74 na p2PSA 17. Asilimia yake ni 28. PHI: 17 kwa 1.74 ni 9.77, mara 2.49 (kipeuo cha pili cha 6.2), inatoka 24. Wa pili ana PSA huru 0.62 na p2PSA 15. Asilimia ni 10. PHI: 15 kwa 0.62 ni 24.2, mara 2.49, inatoka 60. Karatasi za kwanza za wawili hawa zilifanana kabisa, na pengine wote waliambiwa sentensi ile ile.

4Kscore na Stockholm3

4Kscore hupima PSA ya jumla, PSA huru, PSA nzima isiyokatika na protini nyingine iitwayo hK2, kisha huchanganya na umri, matokeo ya kidole na kama uliwahi kufanyiwa biopsi. Jibu ni asilimia ya uwezekano wa saratani kali. Chini ya 7.5 huhesabiwa hatari ndogo, 20 na zaidi hatari kubwa. Stockholm3, iliyotokana na utafiti wa Sweden, huchanganya protini kadhaa, vinasaba na taarifa za mtu mwenyewe. Kikomo cha asilimia 11 hutumika sana.

Vyote viwili ni vizuri. Kosa ni kuvifanya vyote. Kuongeza kipimo cha tatu na cha nne hakuongezi mwanga sawia, na kikipingana na cha kwanza utabaki na mashaka uliyoyalipia mara mbili. Chagua kimoja ambacho maabara inakifanya mara kwa mara na daktari wako anajua kukisoma.

Msongamano wa PSA: hesabu inayosahaulika zaidi

Hii haihitaji damu mpya. Tezi kubwa hutoa PSA nyingi kihalali, kwa hiyo gawanya PSA kwa ujazo wa tezi. Ripoti ya utrasaundi au MRI huwa na vipimo vitatu vya sentimita: urefu, upana, kina. Vizidishe, kisha zidisha kwa 0.52.

Wanaume wetu wawili: tezi ya wa kwanza ni 5.6 × 4.9 × 4.9, mara 0.52, sawa na sentimita za ujazo 70. Msongamano ni 6.2 kwa 70, yaani 0.09. Wa pili ana 4.4 × 3.6 × 3.8, mara 0.52, sawa na 31. Msongamano ni 0.20. Kikomo kinachotumika sana ni 0.15. Chini yake ni ahueni. Kadiri inavyopanda juu yake, ndivyo hoja ya biopsi inavyopata nguvu. Utrasaundi ya tumboni hukosea kidogo kwenye ujazo, hasa kibofu kikiwa kitupu, kwa hiyo 0.14 na 0.16 zichukuliwe kuwa kitu kimoja. Usifanye uamuzi juu ya tofauti hiyo.

MRI inaingia wapi

MRI, ikipatikana, hufanywa kabla ya biopsi. Husomwa kwa alama za PI-RADS, 1 hadi 5; kadiri alama inavyopanda, shaka ya saratani kali huongezeka. Alama 4 au 5 kwa kawaida huenda biopsi, hata damu iwe ya kutuliza. Alama 1 au 2, msongamano ukiwa chini ya 0.15 na hakuna historia nzito, wengi wanaweza kuahirisha. Alama 3 ndipo damu inapofanya kazi yake kubwa: PHI ya 24 na PHI ya 60 zinawapeleka watu wenye picha ile ile njia tofauti. Pasipo na MRI, au kwa mwenye kifaa cha moyo kisichoruhusu mashine hiyo, uzito wote unaangukia damu, msongamano na kidole.

Na kidole kina kura ya turufu. Uvimbe mgumu ukiguswa, asilimia nzuri ya PSA huru haiufuti. Biopsi iendelee.

Historia nayo igeuze mizani. Baba au kaka aliyepata saratani hii, hasa akiwa na umri mdogo, asili ya Kiafrika, au kinasaba cha BRCA2 kilichoharibika: kila kimoja huongeza hatari, na PHI wala asilimia ya PSA huru hazina nafasi ya kuviingiza. Mtu wa namna hiyo mwenye matokeo ya katikati asihesabiwe kuwa wa katikati.

Ukiamua kusubiri

Kusubiri kuna masharti yake, na yaandikwe kabla hujatoka chumbani kwa daktari. PSA irudiwe kila miezi 6 hadi 12, maabara ile ile, kwa maandalizi yale yale. Panga majibu yote kwenye karatasi moja: tarehe, PSA ya jumla, PSA huru, jina la maabara, dawa ulizokuwa ukitumia, na kama ulikuwa na UTI karibuni. Kipimo kimoja kilichoruka ghafla kirudiwe kwanza, kwa kuwa mwendo wa haraka peke yake si sababu ya kutosha ya biopsi. Vipimo vitatu mfululizo vinavyopanda ni jambo jingine. Kubalianeni pia namba zitakazosimamisha kusubiri, kwa mfano msongamano ukipita 0.15 au PSA ikipita 10, na vilevile dalili: damu kwenye mkojo, maumivu mapya ya mgongo yasiyoisha usiku, kupungua uzito. Moja ya hizo ikitokea, usingoje tarehe yako ya miezi 6.